Kujitolea mtaani Dar es Salaam: barua, mtaro na gari la taka

Watu wengi wanaotaka kujitolea Dar hupanda daladala moja kwa moja hadi makao makuu ya manispaa. Mapokezi wanaulizwa barua ya mtaa, hawana, wanarudi nyumbani. Mlango wa kujitolea uko kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, ile yenye benchi nje na bendera juu. Manispaa huja mwishoni, na kazi nyingine hazihitaji kufika huko kabisa.

Kwanza jua uko halmashauri ipi. Mkoa una tano: Jiji la Dar es Salaam (ndiyo ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala hadi ilipopandishwa hadhi mwaka 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Mipaka inachanganya hata wenyeji. Mbezi Beach ni Kinondoni, Mbezi ya Luis ni Ubungo. Sinza ni Ubungo, lakini ukivuka kidogo tu kuingia Kijitonyama umeshaingia Kinondoni. Ubungo na Kigamboni zilimegwa kutoka Kinondoni na Temeke katika muongo uliopita, kwa hiyo usitegemee kibao cha zamani ukutani wala kumbukumbu ya jirani. Barua iliyoandikwa kwa mkurugenzi wa halmashauri nyingine haitapelekwa kwa mwenzake. Itakaa kwenye faili hadi utakapochoka kuulizia.

Ofisi ya mtaa ina watu wawili ambao wageni huwachanganya. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na wakazi; uchaguzi wa mwisho ulifanyika Novemba 27, 2024. Afisa mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri, na kwa kawaida ndiye anayeshika mafaili. Mwenyekiti akikukubali, watu watatoka majumbani. Mtendaji akikukubali, karatasi itakwenda. Unawahitaji wote wawili, na ukimpita mmoja kwenda kwa mwingine utalipia baadaye. Nenda asubuhi siku ya kazi, toa shikamoo kwa anayestahili, jitambulishe unakaa nyumba ya nani na karibu na nini, halafu useme shida yako kwa sentensi mbili. Mitaa mingi bado watakuuliza mjumbe wako (wa nyumba kumi) ni nani. Kama humjui, anza kwake. Ni suala la kutembea nyumba chache.

Beba nakala ya kitambulisho cha NIDA au namba yake na picha mbili za pasipoti, uombe barua ya utambulisho. Ukiambiwa kuna ada, omba stakabadhi ya serikali yenye namba ya malipo. Mara nyingi swali hilo peke yake hupunguza bei.

Barua ya maombi

Kama kazi ni ya siku moja na inafanyika ndani ya mtaa wako, kwa mfano usafi wa Jumamosi, makubaliano na ofisi ya mtaa yanatosha. Barua ya halmashauri inahitajika pale unapoingia kwenye taasisi ya umma (shule, zahanati, soko), unapotaka vifaa au gari la halmashauri, au unapotaka kazi ya miezi kadhaa. Huandikwa hivi (K.K. ni kifupi cha "kupitia kwa"):

Jina lako, S.L.P. na simu, kisha tarehe.

Mkurugenzi wa Manispaa, Halmashauri ya Manispaa ya (jina). Kwa Ilala andika Mkurugenzi wa Jiji, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam.

K.K. Afisa Mtendaji wa Kata, Kata ya (jina).

K.K. Afisa Mtendaji wa Mtaa, Mtaa wa (jina).

YAH: OMBI LA KUJITOLEA KUFUNDISHA HISABATI SHULE YA MSINGI (JINA), SIKU MBILI KWA WIKI.

Kisha "Husika na kichwa cha habari hapo juu", na aya mbili fupi: wewe ni nani na unakaa wapi, utafanya nini hasa, siku zipi, saa ngapi hadi saa ngapi, kuanzia lini hadi lini. Malizia kwa sentensi moja inayosema huombi mshahara wala posho. Ambatisha barua ya utambulisho, nakala ya cheti kama kazi inadai ujuzi, na nakala ya kitambulisho.

Hizo K.K. ndizo zenye kazi. Barua inaanzia kwa wa chini: mtendaji wa mtaa anaandika maoni yake, anasaini na kugonga muhuri, wa kata naye hivyo hivyo, ndipo unaipeleka masjala ya halmashauri. Toa nakala mbili. Moja inabaki masjala, ya pili igongwe muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe, nawe uondoke nayo. Asiye na nakala iliyogongwa muhuri hana cha kufuatilia. Baada ya wiki mbili hivi rudi uulize barua imepelekwa idara gani. Usiulize "imefikia wapi", jibu la swali hilo siku zote ni kwamba iko mezani kwa bosi. Ukishajua idara (Maendeleo ya Jamii, Elimu, Afya, Usafi na Mazingira), zungumza na afisa wa idara hiyo aliye ngazi ya kata. Afisa maendeleo ya jamii wa kata hasa ndiye mtu wa kumfahamu: vikundi vyote vya kata anavijua, na anajua vipi viko hai na vipi vimebaki majina.

Neno "kujitolea" kwenye kichwa cha barua bila kazi maalumu halifanyi lolote. "Niko tayari kwa kazi yoyote" humpa afisa jukumu la kukutafutia kazi, na yeye ana kazi zake. Ombi linalojibika kwa ndiyo au hapana ndilo hujibiwa.

Mtaro ni wa nani?

Kazi ambayo wakazi wa Dar huifikiria kwanza ni kuzibua mitaro, na wana haki. Mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei hukuta mitaro imejaa mchanga na chupa, maji yanaingia vyumbani. Wakati mzuri ni Septemba na Februari. Ukizibua Juni, kufikia vuli umejaa tena.

Kabla ya kushika beleshi, uliza mtaro ni wa nani. Mitaro ya barabara kubwa kama Morogoro, Mandela, Nyerere na Bagamoyo iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Barabara za mitaa na za ndani ya kata ni za TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Mfuniko wa chemba ya majitaka ni wa DAWASA, na huo usifunguliwe na mtu wa kujitolea kwa sababu yoyote: hewa iliyomo ndani inaua, na huua pia yule anayeshuka kumwokoa wa kwanza. Mito kama Msimbazi na vijito vyake inasimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za binadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo. Kuokota taka ukingoni hakuna atakayekuzuia. Kuchimba, kupanua au kujenga kizuizi cha mawe ni jambo jingine, hata kama mtaa mzima unaona ni kazi njema.

Sasa pima. Hapa ndipo kazi nyingi za usafi hufia, kwa sababu watu hukadiria kwa macho. Chukua mtaro wa mita 100, upana sentimita 60, tope kina cha sentimita 30. Hiyo ni mita za ujazo 18. Mchanga uliolowa una uzito wa tani moja na nusu hadi mbili kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo unazungumzia tani 27 hadi 36. Toroli la lita 60 litakwenda safari 300. Tipa la tani 7 litakwenda safari nne hadi sita. Kirikuu hubeba kama kilo 350, kwa hiyo afadhali usikiite kabisa; kirikuu na guta ni za kubebea viroba vya taka nyepesi, tope liachie gari kubwa.

Mtu mmoja mwenye nguvu, akifanya kazi saa tatu za asubuhi kabla jua halijawa kali, huchota karibu mita moja ya ujazo. Panga makundi ya watu wanne: wawili ndani ya mtaro na mabeleshi, mmoja wa toroli, mmoja anayetangulia mbele kuokota chupa, nguo kuukuu na vyuma na kuvitia kwenye kiroba. Kundi hilo hutoa mita mbili za ujazo kwa asubuhi. Watu 20 ni makundi matano, yaani mita 10 za ujazo, yaani mita 55 za mtaro ule. Watangazie wakazi mita 50 na mzimalize. Ukitangaza mita 100 mkaishia katikati, tope la nusu iliyobaki litashuka kwenye nusu iliyosafishwa mvua ya kwanza tu.

Vifaa kwa watu 20: mabeleshi 10, toroli 5, reki 4, majembe 2 ya kuvunja mchanga ulioganda, viroba 40 vya kilo 50 vilivyotumika (vya mchele au sukari vinafaa, vya saruji vya karatasi vinachanika), jozi 20 za glovu nene za mpira, na gambuti kwa wale 10 walio ndani. Atakayekuja na ndala asiingie mtaroni, hata akibembeleza. Mpe kalamu aandike mahudhurio. Mitaro ya Dar ina sindano, vigae na mabati yenye kutu. Weka ndoo mbili za maji ya kunawa na sabuni, moja kila mwisho wa eneo. Anayejikata aoshwe kwa maji mengi na sabuni, apelekwe zahanati siku hiyohiyo kwa ajili ya kinga ya pepopunda.

Anzeni mwisho wa chini, kule maji yanakoelekea, mkipanda kwenda juu. Ukianza juu, kila mnachokichokoa kinaogelea kwenda kwa wenzenu, na mnafanya kazi ndani ya maji yaliyotuama. Kalavati refu lililofunikwa msilitambae ndani. Vuteni taka kwa reki yenye mpini mrefu kutoka pande zote mbili, na pasipofikika pabaki palivyo, muandike kwenye barua kwa mwenye mtaro.

Mkikuta bomba la choo limeelekezwa mtaroni (na katika mitaa ya mabondeni mtalikuta), msibishane na mwenye nyumba. Kutapisha choo wakati wa mvua ni chanzo kinachojulikana cha kipindupindu na ni kosa, lakini wa kulishughulikia ni afisa afya wa kata, ambaye ana mamlaka ya kisheria. Mpe mahali, si jina: "mtaro wa nyuma ya soko, upande wa kushoto, hatua 30 kutoka daraja". Kundi la usafi likigeuka kuwa wapelelezi, mwezi ujao hatoki mtu.

Tope mlilotoa msiliache kando ya mtaro. Kila mtu anajua hili, na bado kila mtaa unaliacha. Linapaswa kuondoka ndani ya siku chache, likishachuja maji, kabla ya mvua na kabla bodaboda hazijalisambaza. Mchanga msafi hauna tabu, wenye ujenzi huubeba wenyewe usiku bila kuagizwa. Linalobaki ni lile jeusi lenye mifuko, na hilo ndilo linahitaji gari.

Gari la taka

Kabla ya kutangaza siku ya usafi, pata jibu la maswali mawili: nani atabeba, na lini. Katika kata nyingi taka za majumbani huzolewa na mkandarasi au kikundi kinachokusanya ada kwa kila nyumba. Mkataba wake ni wa taka za majumbani, na hana sababu ya kubeba viroba 40 ambavyo hakuna aliyevilipia. Kuvipeleka dampo la Pugu Kinyamwezi kunamla mafuta. Lundo litakaa kona, litaongezwa na wapita njia, na baada ya wiki mbili wakazi watasema wa kulaumiwa ni nyinyi mliolikusanya. Zungumza na mkandarasi kupitia mtendaji angalau wiki moja kabla. Mara nyingi hukubali ikiwa viroba vimefungwa, vimepangwa sehemu moja ambayo gari linafika bila kurudi kinyumenyume, na havikuchanganywa na tope. Tope liombewe gari la halmashauri kwa barua. Likikosekana, changeni mafuta au mpunguze mita. Kuahirisha si aibu.

Chupa za plastiki na vyuma vitengwe mapema kwenye viroba vyake. Waokota chupa wa mtaa watavichukua asubuhi hiyohiyo, na mzigo wa gari utapungua sana. Waalike, wanaijua mitaro kuliko kamati yoyote.

Siku rahisi ya kupata watu ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo tangu 2016 ni siku ya usafi nchi nzima. Ubaya wake ni kwamba kila mtaa unalitaka gari lilelile siku hiyo. Kwa kazi ya mtaro, Jumamosi ya pili ya mwezi inafaa zaidi: watu ni wachache kidogo, lakini gari linapatikana na afisa afya hajagawanyika mitaa kumi.

Kama mnataka matembezi yenye mabango na spika, hiyo si kazi ya usafi tena. Taarifa ya maandishi ipelekwe kwa mkuu wa polisi wa wilaya angalau saa 48 kabla. Kufagia na kuzoa mkiwa na ridhaa ya mtaa hakuhitaji hayo.

Miti, shule, zahanati

Kupanda miti kunapendwa kwa sababu ya picha. Miche 50 hupandwa asubuhi moja. Kisha kila mche unataka lita 10 za maji mara mbili kwa wiki hadi mizizi ishike, yaani ndoo 25 za lita 20 kila zamu, kwa kiangazi kizima. Andika majina ya wamwagiliaji kabla ya kuomba miche. Wakipatikana wanne, panda miche 15. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60 na kina 60, rudisha udongo wa juu uliochanganywa na samadi, na zungushia kitu dhidi ya mbuzi. Panda mwanzoni mwa masika. Usipande chini ya nyaya za TANESCO wala ndani ya hifadhi ya barabara bila kumuuliza mwenye barabara, maana siku ya kupanua mti utang'olewa bila fidia wala pole. Mikoko ya pwani ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Hata kuipanda huanza ofisini kwao.

Shuleni, mwalimu mkuu hawezi kukupokea kwa urafiki tu. Barua ipitie afisa elimu kata na irudi na ridhaa ya mkurugenzi. Omba kipindi maalumu kwenye ratiba, na usikae peke yako na mtoto kwenye chumba kilichofungwa. Picha za wanafunzi usizirushe mtandaoni bila ridhaa ya shule na wazazi. Usiahidi muhula mzima kama unasubiri ajira: darasa lililoachwa Mei linapata shida kuliko lisilopewa mwalimu wa ziada tangu Januari. Ahidi wiki sita, kisha ongeza.

Kwenye afya nafasi ni chache kuliko watu wanavyodhani. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii huteuliwa kwa utaratibu na kupewa mafunzo, kwa hiyo mtu hajiiti tu. Kinachopatikana kwa urahisi ni uhamasishaji wakati wa kampeni za chanjo na usafi, na huo hutangazwa kupitia mtaa. Anayetaka kutoa kitu leo bila barua yoyote akachangie damu: umri miaka 18 hadi 65, uzito kuanzia kilo 50, mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne.

Posho, fulana na orodha

Sema mapema, kwa sauti, kwamba hakuna posho. Kampeni zenye wafadhili huwa na nauli na chakula, na watu wamezoea. Usiposema, saa nne asubuhi mtu atauliza "tunasaini wapi?" na kazi itaishia hapo. Maji ya kunywa na chai ya maandazi vinatosha, na vinunuliwe kwa mama lishe wa mtaa huohuo.

Wapo watakaojiunga wakidhani kikundi cha usafi ni njia ya kupata mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, ule wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Huo una masharti na usajili wake. Ukichanganya hayo mawili, kikundi kitavunjika siku mkopo utakapokataliwa.

Fulana za chama chochote zibaki nyumbani, pia za diwani. Mwenyekiti anaweza kukualika useme neno mkutanoni. Sema la mtaro, kaa chini.

Orodha ya mahudhurio iwe na jina, simu na eneo la kazi. Namba za NIDA zikae kwa mtendaji peke yake. Kupiga picha karatasi yenye namba za watu 40 na kuirusha kwenye grupu la WhatsApp ni kuvunja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na matapeli wa simu wanasoma magrupu kama wewe.

Ndani ya wiki moja baada ya kazi, andika taarifa ya ukurasa mmoja: mita zilizozibuliwa, safari za gari, viroba, idadi ya watu, kilichobaki na sababu yake, picha mbili za kabla na baada zilizopigwa kutoka mahali pamoja. Nakala kwa mtendaji wa mtaa na nyingine kwa mtendaji wa kata, ambaye ni katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kamati hiyo, chini ya diwani, ndiko mita zilizobaki zinakoweza kuingia kwenye maombi ya bajeti ya TARURA au ya halmashauri. Muulize mtendaji tarehe ya kikao kijacho, na umpe taarifa siku tatu kabla yake, iwe bado iko juu kwenye faili.